Kosa ni la Nani? Vipimo Vinavyohama, kutoka Kilindini hadi Kwenye Tarakilishi

Jina la Kilindini linatokana na kilindi, yaani maji marefu, na lilikuwa jina la watu kabla halijawa jina la gati na winchi. Wakilindini ni mojawapo ya Thalatha Taifa za Mombasa, pamoja na Wachangamwe na Watangana. Upande wa pili wa kisiwa, chini ya Mji wa Kale, iko bandari ya majahazi, ambayo kwa karne nyingi iliutosha mji. Meli za chuma zilihitaji kina zaidi, zikazunguka kisiwa kukifuata. Ndivyo ilivyokuwa kwa manowari za Waingereza mwaka 1942. Wajapani waliushambulia Colombo tarehe 5 Aprili na Trincomalee tarehe 9 Aprili, na Admeri James Somerville akaliondoa kundi lake la manowari Ceylon, akalileta Kilindini.

Pamoja na manowari hizo lilikuja kundi dogo la watu ambao silaha yao ilikuwa penseli. Ofisi yao, Far East Combined Bureau, ilianzishwa Hong Kong mwaka 1935, ikahamia Singapore Agosti 1939, ikakimbilia Colombo Januari 1942 Singapore ilipokaribia kuanguka, na sasa ikaja Mombasa. Walipewa shule ya wavulana ya Kihindi, Allidina Visram, iliyoelekea Bahari Hindi. Humo katika madarasa walikaa wakizisoma, au wakijaribu kuzisoma, habari ambazo jeshi la wanamaji la Japani lilikuwa likizituma kwa simu ya upepo.

Waandishi wa historia ya vita wameshaeleza nani alikuwa wapi na lini. Swali ambalo haliulizwi sana ni la namna nyingine, nalo lina uzito kwa mtu yeyote anayeshughulika na matini: watu wanaobeba kazi moja kupitia bandari nne, vifaa vikibadilika na hali ya hewa ikibadilika, wanajuaje kwamba jibu walilolipata katika bandari ya nne ni sahihi kama lile la bandari ya kwanza? Na jibu linapokataa kutoka, wanajuaje kosa ni la nani?

Msimbo mkuu wa wanamaji wa Japani, unaojulikana leo kwa jina la JN-25, ulianza kutumika Juni 1939. Ulifanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza, kila neno au fungu la maneno lilibadilishwa kuwa nambari ya tarakimu 5 iliyotolewa katika kitabu cha msimbo. Kisha nambari hiyo ilijumlishwa na nambari nyingine ya tarakimu 5 kutoka katika kitabu cha pili, tarakimu kwa tarakimu, na kila jumla iliyofika 10 au zaidi ilitupiwa ile 1 ya makumi. Kilichorushwa hewani ni matokeo ya hatua ya pili. Ila waundaji wa msimbo walitia sharti moja ndani ya kitabu cha kwanza: kila nambari iliyokuwamo iligawanyika kwa 3 bila kubakiza kitu.

Sharti hilo halikuwa urembo. Simu ya upepo ivukapo bahari hupoteza tarakimu, au huzigeuza. Mpokeaji aliye melini, akishaondoa nambari iliyoongezwa, alizijumlisha tarakimu tano zilizobaki; jumla ikigawanyika kwa 3, alifungua kitabu; isipogawanyika, alijua kwamba kuna kilichoharibika njiani na kwamba asijisumbue kutafuta maana. Chukua mfano wa 48216, ambayo tarakimu zake zina jumla ya 21. Ijumlishe na 37094 kwa kanuni iliyotajwa, upate 75200. Jumla ya tarakimu za nambari hii ni 14, haigawanyiki, alama imefichika. Ondoa 37094 na 48216 itarudi, ikiwa na alama yake. Lakini mtu akikosea kidogo tu, akaondoa 37084, atapata 48226, ambayo jumla yake ni 22, na kipimo kitamwambia mara moja kwamba kuna kombo.

Kipimo kilichowekwa ili kumlinda Mjapani dhidi ya upepo kikamwangazia adui yake njia. Mvunja msimbo anayekisia nambari iliyoongezwa hana wa kumuuliza kama amekisia sawa. Lakini anaweza kugawa kwa 3. Nambari moja ikigawanyika, hilo si neno, kwani theluthi ya nambari zote hugawanyika kwa bahati. Nambari 10 zilizofichwa kwa kiongezi kile kile zikigawanyika zote kwa pamoja, bahati ya namna hiyo hutokea mara 1 katika 59,049. Hapo mtu anaweza kuweka penseli chini akanywa chai.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kilikuwa chepesi kuhama. Hakikutaka mashine wala mnara. Hakikujali kama anayegawa kwa 3 yuko Hong Kong au yuko Mombasa. Vitu vingine vya kazi havikuhama kwa urahisi huo. Pale Kilindini mawimbi ya redio yalifika dhaifu na machache, maana kisiwa kiko mbali mno na bahari ambamo Wajapani walikuwa wakizungumza. Kwa hiyo nambari iliyokataa kugawanyika iliweza kuwa na sababu tatu: kiongezi kimekisiwa vibaya, sikio la mpokezi limesikia 8 pahali pa 5, au opereta wa Kijapani mwenyewe alichoka usiku ule akakosea. Juu ya karatasi sababu hizi tatu zina sura moja.

Zaidi ya hizo iko sababu ya nne, ambayo aghalabu ndiyo ngumu kuishuku. Meli za biashara za Japani zilitumia maandishi mengine ya siri, JN-40. Kwa kuwa JN-25 ilikuwa na kitabu na viongezi, JN-40 nayo ilidhaniwa ni ya ukoo huo huo, ikapimwa kwa vipimo hivyo hivyo, na ikakataa. Yamkini mtu angesema kwamba habari zilizonaswa zilikuwa chache, au zimeharibika. Kumbe lililokuwa na kasoro ni tarajio. Mnamo Septemba 1942 Wajapani wenyewe walifanya kosa lililowapa John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa pale Kilindini, mahali pa kushika. Ikabainika kwamba JN-40 haikuwa na kiongezi hata kidogo: ilikuwa jedwali la mafungu 100 ya tarakimu mbili mbili, ambayo baadaye yalipangwa katika safu na kupanguliwa. Kufikia Novemba mwaka huo waliweza kuzisoma habari zote za nyuma na kila mpya ilipoingia, na misafara ya meli za Japani ikawa inafuatiliwa kutoka katika shule iliyoko kisiwani Mombasa. Mifumo miwili zaidi, JN-167 na JN-152, ilivunjwa katika muda wa wiki mbili zilizofuata. Data ilikuwa ile ile, na upepo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kile ambacho wapimaji walikuwa wakikitazamia.

Sasa msomaji avumilie kuvushwa kutoka Kilindini hadi kwenye tarakilishi. (Wenye kusema ngamizi na wenye kusema kompyuta wataendelea na mjadala wao, hapa neno litakuwa tarakilishi, na mambo yasonge.) Mtu aandikapo programu hukosea, na ili aweze kuliona kosa lake hutumia programu nyingine iitwayo kitatuzi. Kitatuzi husimamisha programu katikati ya mwendo, kikaonyesha imefika mstari gani na imeshika thamani gani mkononi, kisha kikairuhusu isonge hatua moja moja. Kinachojulikana zaidi ni GDB, ambacho Richard Stallman alianza kukiandika mwaka 1986. Lakini kitatuzi nacho ni programu, na programu hukosea. Nani atamkagua mkaguzi?

Jibu ni mkusanyo wa majaribio. Kila jaribio huamsha kitatuzi, hukipa amri, hungoja jibu, na hulilinganisha jibu hilo na kiolezo kilichoandikwa kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rob Savoye, wa kampuni ya Cygnus huko Marekani, alitengeneza mfumo wa kuendesha majaribio ya namna hii na kuuita DejaGnu. Aliujenga juu ya Expect ya Don Libes, programu inayoweza kuzungumza na programu nyingine kama kwamba ni mtu aliyeketi mbele ya kibodi. Kazi ya Cygnus ilikuwa kupeleka zana za GNU kwenye aina nyingi za mashine. Jaribio lililoandikwa kwenye mashine kubwa ya ofisini lilitakiwa lifanye kazi pia juu ya kibao kitupu cha saketi, kisicho na diski wala kibodi, kilichounganishwa na mashine mwenyeji kwa waya mmoja.

Hapo ndipo shida za Kilindini zinapoanza upya. Jaribio linasema: simamisha programu kwenye mstari wa 37. Mtu akiongeza maelezo mistari miwili juu yake, mstari wa 37 umekuwa wa 39, na jaribio linatangaza kwamba kitatuzi kimeharibika. Jaribio lingine linatazamia anwani fulani ya kumbukumbu, nayo kwenye mashine nyingine ni tofauti, na wala si kosa la mtu. La tatu linangoja jibu kwa sekunde 10. Kibao kitupu kinajibu katika sekunde ya 12, na jibu ni sahihi, ila hakuna tena anayesikiliza. La nne linaitaka programu iandike salamu kwenye kioo, na mashine lengwa haina kioo. Kila moja la majaribio haya liliandikwa na mtu mwangalifu, na kwenye mashine yake lilifaulu. Lililomponyoka ni kwamba ameandika ndani ya kipimo chake mambo ya nyumbani kwake, akidhani ni mambo ya ulimwengu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Dawa yake imekuwa ya subira zaidi kuliko ya werevu. Mistari haihesabiwi tena. Mwandishi hutia alama ndani ya matini ya programu, na jaribio hutafuta ile alama, popote itakapokuwa. Pahali pa anwani kamili huwekwa kiolezo kisemacho kwamba hapa ni lazima iwepo nambari ya mfumo wa kumi na sita, iwayo yote. Almuradi jaribio hufundishwa kutaja yale ambayo hayana budi kuwa sawa kila mahali, na kuyanyamazia yaliyobaki. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kunavyoonekana, maana anayenyamazia mengi mno huishia kuwa na jaribio ambalo kila kitu hulifaulu.

Na yale ambayo hayawezi kunyamaziwa hupewa rubani. Meli ya kigeni inapokaribia Kilindini haibadilishi nahodha wala mabaharia wake. Humpokea rubani wa bandari, ajuaye kina cha mlango na mahali pa mwamba, akaiingiza ndani. Mfumo wa DejaGnu una faili ndogo kwa kila aina ya mashine lengwa, na faili hiyo ndiyo rubani: husema namna ya kuifikia mashine, namna ya kuipakia programu, muda wa kuingoja, na yale isiyoyaweza. Majaribio yenyewe hayaguswi. Anayeleta mashine mpya huandika faili moja badala ya kufungua maelfu ya majaribio na kuyabandika viraka.

Kuna jambo dogo hapa ambalo lingemfurahisha mtu wa mwaka 1942. Kitatuzi kinapozungumza na mashine iliyo mbali, kila ujumbe huanza kwa alama ya $ na kuisha kwa alama ya #, kisha hufuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu hizo ni jumla ya thamani za herufi zote za ujumbe, baada ya kugawa kwa 256 na kuchukua baki. Mpokeaji hupiga hesabu yake. Ikikubaliana hujibu kwa +, isipokubaliana hujibu kwa -, na ujumbe hutumwa upya. Ni kule kule kugawa kwa 3, miaka zaidi ya 40 baadaye, kwa sababu ile ile: waya, kama upepo, hauaminiki.

Lakini lililo bora zaidi katika mfumo huu, na ambalo wanafasihi wangefaa kuliazima bila haya, ni orodha ya hukumu zake. Mtu wa kawaida hudhani jaribio lina hukumu mbili, kupita na kushindwa. Hapa zimo zaidi. Jaribio laweza kupita, laweza kushindwa, laweza kushindwa kama ilivyotarajiwa, laweza kupita bila kutarajiwa. Laweza pia kuwa halikuamulika, yaani lilianza na likakatika kabla ya hukumu kupatikana, au halikujaribiwa, au haliwezekani kwenye mashine hii. Na watu wa GDB wakaona hata hayo hayatoshi. Wakagawanya kule kushindwa kunakotarajiwa mafungu mawili: kushindwa kwa sababu ya kasoro inayojulikana ya kitatuzi chenyewe, na kushindwa kwa sababu ya mazingira, yaani kasoro iliyomo katika mashine au katika zana nyingine zinazokizunguka. Swali la kosa ni la nani liliingizwa katika sarufi ya ripoti. Mtu hawezi kuijaza bila kulijibu.

Mwanafunzi wa ushairi hapaswi kuona hili kuwa geni, kwani pwani ya Waswahili imekuwa na mkusanyo wake wa majaribio tangu kale. Shairi la vipande viwili vya mizani 8 na 8, lenye kina cha kati na kina cha mwisho, hubeba ndani yake njia ya kujikagua. Mnukuzi akiruka silabi, mizani hulia. Akibadilisha neno la mwisho, kina hulia. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yalisafiri kwa vinywa vya watu kabla ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya kwa ajili ya W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Yakahama kutoka hati za Kiarabu kwenda za Kilatini, na diwani ikatolewa na William Hichens mwaka 1940, huko Afrika Kusini. Hiyo nayo ni safari ya bandari nne, na kila bandari ilikuwa na upepo wake.

Hati za Kiarabu, kwa namna zilivyotumiwa zamani, zilikuwa na herufi moja tu kwa sauti za b na p, na aghalabu sauti ya king'ong'o iliyotangulia konsonanti haikuandikwa. Maneno baba, papa, pamba na bamba yaliweza kuandikwa kwa sura moja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa ni miongoni mwa waliojitahidi kuzirekebisha hati hizo ili zitosheleze sauti za Kiswahili, lakini miswada ya zamani ilikwisha kuandikwa. Msomaji wa mswada huo hana budi kuchagua, na mizani haitamsaidia, kwani maneno yote manne yana silabi mbili. Kina chaweza kumsaidia: ubeti ukiwa na kina cha -mba, baba na papa wametoka mchezoni. Kati ya pamba na bamba, imebaki maana. Hii ni kazi ile ile ya shuleni Allidina Visram, bila vita.

Vipimo hivi viwili vina nguvu tofauti, na inafaa kuona hasa mahali vinaponyamaza. Mhariri akikuta mato katika shairi la Kimvita akaona ni vyema aweke macho, mizani itapita, silabi ni mbili na mbili. Ila ikiwa neno liko mwisho wa mstari wenye kina cha -to, kina kitamfichua. Lakini akikuta tini akaweka chini, mizani inapita na kina cha -ni kinapita. Hakuna kengele itakayolia. Shairi limebadilishwa lahaja, na ripoti inasema kila kitu ni salama. Vivyo hivyo paa la nyumba na p'aa wa mwituni, ambao Mmvita huwatenga kwa pumzi, huandikwa kwa tahajia moja katika Kiswahili sanifu, na hakuna mizani iliyopata kugundua kwamba pumzi imepotea.

Tofauti hiyo ingekuwa ya wahariri peke yao kama si mkutano wa mwaka 1928. Mkutano huo ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Ulifanyika Mombasa. Kimvita, ambacho wamishonari wa CMS tangu Krapf alipofika mwaka 1844 walikuwa wakikitumia na kukitetea, kilihukumiwa nyumbani kwake. Kuna wanaoulaani uamuzi ule hadi leo na kuna wanaouona ulikuwa wa lazima. Hoja za lazima zina uzito, kwani shule za nchi nne haziwezi kuchapa vitabu kwa lahaja ishirini. Malalamiko yenye haki zaidi ni juu ya namna kipimo kilivyotumiwa baadaye.

Kipimo kilichoandikwa juu ya mashine moja kilipelekwa kwenye mashine nyingine bila rubani. Mtoto wa Kuze au Kibokoni anayeandika ndia pahali pa njia na kitwa pahali pa kichwa hupata alama ile ile nyekundu anayopata mtoto aliyekosea upatanisho wa kisarufi. Ripoti ina hukumu mbili tu, na mwalimu, hata akiwa mwenyeji wa Mji wa Kale naye anasema ndia akifika kwake, hana pahali pa kuandika hukumu ya tatu. Kikaguzi cha tahajia kilichojengwa juu ya orodha ya maneno sanifu hufanya vilevile: hupigia mato mstari mwekundu, bila kusema kwamba neno hilo halimo katika yale kilichotumwa kuyapima. Kwa lugha ya DejaGnu, hapa imeandikwa kwamba jaribio limeshindwa, ilhali ukweli ni kwamba halikujaribiwa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu aliye upande wa kupimwa. Aliyeambiwa ameshindwa hurudi nyumbani akidhani kwamba lugha ya mama yake ni hitilafu.

Mtu akitaka kukiandikia Kimvita faili yake ya rubani, haitakuwa ndefu. Itasema kwamba mahali pengi ambapo sanifu ina ch, hapa husikika t, na mahali ambapo sanifu ina nj, huenda hapa pana nd. Kwamba t zenyewe ni mbili, ya meno na ya ufizi, na kwamba p, t na k huweza kubeba pumzi inayobadili maana. Itasema kwamba mizani na vina havihitaji kuguswa. Majaribio ya upatanisho wa ngeli, ya mpangilio wa hoja na ya utungo yataweza kuendeshwa juu yake kama yalivyo. Mtahini atabaki na haki yake yote ya kumkosoa Mmvita anapokosea Kimvita chake, jambo ambalo kipimo cha sasa hakiwezi kulifanya hata kidogo.

Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alichapisha Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga kifungoni, kwa Kimvita. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Katika ripoti ya DejaGnu, tukio kama hili lina hukumu yake: limepita bila kutarajiwa. Hukumu hiyo haihesabiwi kuwa furaha. Huorodheshwa mahali pake, ili mwenye mkusanyo akasome tena kile alichokuwa amekitarajia.